Najua somo lakini insha zangu zinarudi na "umeeleza, hujajadili"

Shikamoo mwalimu,

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuo, nasoma afya ya jamii, na kinachonimaliza sio somo bali hizi insha. Somo nalielewa vizuri tu, kwenye diskasheni mimi ndo nawaelekezaga wenzangu, ila ikija asaimenti ya kuandika wao wanapata maksi za maana mimi naambulia za kuvukia tu. Inaniuma sana mwalimu kwasababu mtu niliyemfundisha mwenyewe jana yake ananipita.

Ya mwisho swali lilikuwa hivi: "Jadili ni kwa kiasi gani chanjo ndiyo iliyotokomeza ugonjwa wa ndui duniani." Nikasoma kweli kweli. Nikaanza na ndui ni nini na dalili zake, nikaja kwa daktari Edward Jenner na jaribio lake la chanjo la 1796, nikaenda mpaka kampeni kubwa ya Shirika la Afya Duniani ya 1967, nikaandika mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Somalia 1977, alafu tangazo la 1980 kwamba ugonjwa umeisha duniani, nikafunga kwa kusema chanjo ni muhimu sana kwa afya ya binadamu. Miaka yote niko sahihi. Karatasi imerudi, pembeni kwa peni nyekundu pameandikwa "umeeleza, hujajadili", na chini kabisa "dai lako liko wapi?"

Nakuwekea aya moja uone mwenyewe: "Mwaka 1967 Shirika la Afya Duniani lilianzisha kampeni kubwa ya kutokomeza ndui. Kampeni hii ilitumia sindano yenye ncha mbili. Pia wahudumu waliwatafuta wagonjwa na kuwachanja watu waliokuwa karibu nao. Hatimaye ugonjwa uliisha." Sasa hapo kuna kosa gani jamani?

Sekondari tulifundishwa utangulizi, kiini, hitimisho, na jamaa yangu mmoja ananiambia insha yoyote lazima iwe aya tano, utangulizi moja, pointi tatu, hitimisho moja. Nafata hivohivo. Utangulizi wenyewe unanichukuaga usiku mzima naandika nafuta. Alafu hata sijui kama naruhusiwa kusema "mimi naona", maana wengine wanasema ukiweka "mimi" unakatwa maksi.

Wiki ijayo tunakusanya nyingine: "Linganisha utokomezaji wa ndui na juhudi za kutokomeza polio." Naogopa yatatokea yaleyale. Nisaidie mwalimu.

Mwanafunzi aliyekwama

*

Marahaba mdogo wangu, na pole.

Nimeisoma aya yako zaidi ya mara moja. Hakuna uongo ndani yake, na mtu anayeweza kuwafundisha wenzake ndui mpaka wakafaulu hana tatizo la kuelewa, kwahiyo hilo litoe kichwani kabisa. Yule aliyekuandikia "umeeleza, hujajadili" amekupa jibu lote kwa maneno mawili, tatizo ni kwamba hakuna aliyekaa na wewe akakuonyesha hayo maneno mawili yanatofautianaje, na hapo ndo wanafunzi wengi wazuri wanapotea.

Aina ya insha huichagui wewe, inakuja ndani ya swali, imekaa kwenye kitenzi. Chukua hiyohiyo ndui yako. Wangekuambia "eleza jinsi ndui ilivyotokomezwa", ile insha uliyoandika ingekuwa sawa kabisa, maana kueleza ni kumpeleka msomaji hatua kwa hatua, nini kilianza, nini kikafuata, na mpangilio wa miaka unafaa sana hapo. Wangesema "chambua sababu", miaka inarudi nyuma na sababu ndo zinakuwa vichwa vya aya, na unatakiwa kusema ipi ilikuwa na uzito na ipi ilisaidia tu. "Linganisha" inataka vigezo, nitakuja huko kwasababu ndo yako ya wiki ijayo. "Tathmini" inataka utoe hukumu na useme umeipima kwa kipimo gani. Ukiambiwa usimulie, hapo kuna mtu, kuna mahali, kuna tukio linalosogea. Insha ya wasifu inataka macho na masikio yako, msomaji aone kitu kilivyo. Kuna na ya tafakuri ambayo nyie wa afya mtakutana nayo mkitoka mafunzo kwa vitendo, unaandika kilichokutokea na kimekubadilisha vipi namna unavyofanya kazi.

"Jadili" sasa ni kitu kingine. Anayekuambia jadili anakuambia kuna watu wanaojua mambo haya na hawakubaliani, ingia katikati, chukua upande, utetee, na uwe mkweli kwa wasiokubaliana na wewe. Na wewe kwenye swali lako uliongezewa "ni kwa kiasi gani", yani hata jibu la ndiyo au hapana halitoshi, wanataka kipimo.

Sasa ngoja tulitafute dai lako, maana lilikuwepo ndani ya notsi zako mwenyewe ila umelipita. Umeandika Jenner 1796. Umeandika kampeni ya 1967. Katikati hapo kuna zaidi ya miaka 170, chanjo ipo, na bado mwaka 1967 ndui ilikuwa inaishi kwenye nchi zaidi ya 30. Ukiiona hiyo nafasi unatakiwa usimame ujiulize, kama chanjo ndo iliyomaliza ndui mbona ilichukua muda wote huo? Hilo swali ndo mjadala wenyewe. Ukilifuata utafika kwenye kitu kama hiki: "Chanjo ilikuwa ya lazima lakini peke yake isingetosha; ndui iliisha pale chanjo ilipoungana na kazi ya kuwatafuta wagonjwa mmoja mmoja, na kwa sababu virusi vyake haviishi kwa mnyama yeyote." Hilo ni dai. Kulipima ni rahisi, jiulize kama mtu mwenye akili timamu anaweza kulipinga. Huyu anaweza, atakuambia hapana bwana chanjo ndo kila kitu, na mtabishana vizuri tu. Lakini "chanjo ni muhimu sana kwa afya ya binadamu" nani atabishana na wewe? Hakuna, kwahiyo hapo hujadai chochote, ndo maana akakuuliza liko wapi.

Tuje kwenye aya yako, na hapa naomba ukae vizuri maana naona ndo penye maksi nyingi zilizopotea. Una sentensi nne, zote ni habari, na zote zina uzito sawa. Msomaji akimaliza anajua kulikuwa na kampeni, sindano na wahudumu, ila hajui umemwambia hayo ili akubali nini. Mwanafalsafa mmoja wa Uingereza, Stephen Toulmin, mwaka 1958 alizipanga sehemu za hoja kwa namna ambayo mpaka leo inafundishwa vyuoni: kuna dai, kuna ushahidi, na kuna ile kanuni inayoeleza kwanini ushahidi huo unabeba dai hilo. Wanafunzi wengi wanaleta ushahidi, wachache wanaleta dai, na ile ya tatu karibu kila mtu anairuka kwasababu kichwani kwake iko wazi. Kwa msomaji haiko wazi. Angalia habari zako hizohizo nikizipanga upya:

"Pale ambapo haikuwezekana kumfikia kila mtu, kuchanja umati hakukutosha. Katika kampeni iliyoanza 1967 wahudumu waliwatafuta wagonjwa, wakawatenga, kisha wakawachanja waliokuwa karibu nao. Njia hii ilifanikiwa kwa sababu upele wa ndui unaonekana kwa macho na ugonjwa wenyewe hausambai kwa kasi kama surua, hivyo mnyororo wa maambukizi uliweza kukatwa hata mahali ambapo wengi hawakuwa wamechanjwa. Chanjo ilibaki kuwa chanjo. Kilichobadilika ni kujua nani achanjwe na lini."

Umeona? Sentensi ya kwanza inatoa dai la aya, ya pili inaleta ushahidi, ya tatu yenye "kwa sababu" ndo ile kanuni, mbili za mwisho zinamrudisha msomaji kwenye swali kubwa. Sindano yenye ncha mbili nimeitoa, sio kwamba sio kweli, ni kweli na ilisaidia kutumia dawa kidogo kwa kila mtu, ila kwenye aya hii haina kazi. Ukiitaka ipeleke kwenye aya inayosema ubora wa chanjo yenyewe uliongezeka, pamoja na ile chanjo iliyokaushwa ambayo ilivumilia joto, hapo itafanya kazi nzuri. Kutoa habari ya kweli inauma, najua, hasa ukishahangaika kuitafuta, lakini insha haikulipi kwa wingi wa unachojua.

Alafu mleta pingamizi lazima umpe nafasi. Kwenye ndui yupo na ana nguvu: Ulaya na Amerika Kaskazini ndui iliondoka kabla ya 1967, na kwa sehemu kubwa ni kwa kuchanja watu wengi. Hilo linakugonga dai lako kabisa. Usilifiche, na usilitupie mstari mmoja mwishoni ili uonekane umegusa pande zote. Lipe aya yake, likubali kwa kadiri linavyostahili, kisha lijibu, kwa mfano useme kule huduma za afya ziliweza kuwafikia karibu watu wote na kuwafikia tena, hali ambayo haikuwepo kila sehemu, kwahiyo dai lako linabaki ila sasa lina mipaka iliyo wazi. Msahihishaji akiona umejifunga hivo kwa hiari na ukajifungua kwa hoja, anajua anasoma mtu anayefikiri. Kama ukiona pingamizi limekushinda basi badilisha dai, usibadilishe ukweli.

Hilo la aya tano ni mfumo halali, na kwenye chumba cha mtihani insha fupi ya maneno kama 500 unakuokoa, sina ugomvi nao. Ila chukua asaimenti ya maneno 2000 uigawe kwa tano, kila aya inakuwa na maneno 400, hiyo sio aya tena ni ukurasa, ndani yake lazima mambo matatu manne yamebanana bila mpangilio. Idadi ya aya inatokana na idadi ya mambo unayotaka kuyathibitisha. Hoja moja inaweza kula aya tatu kama ni nzito na nyingine ikaisha kwa aya moja fupi, na hiyo ni sawa. Utangulizi, kiini na hitimisho mlizofundishwa sekondari ziko palepale, ila zinakuambia tu pa kuanzia na pa kuishia, haziwezi kukuambia katikati pakae nini, hilo unaambiwa na aina ya insha.

Utangulizi acha kuuandika kwanza. Unakaa usiku mzima kwasababu unajaribu kumtambulisha mtu ambaye hajazaliwa bado. Andika dai lako kwenye karatasi, weka mbele yako, ingia kwenye kiini moja kwa moja, ukishamaliza ndo urudi juu, utashangaa utakavyotoka haraka. Kazi yake ni ndogo: ulionyeshe swali limekaa wapi na kwanini lina ubishi, utaje dai lako, na umdokeze msomaji utapita njia gani. Kwa kawaida sehemu moja ya kumi ya insha nzima inatosha, yani maneno 150 kwenye insha ya 1500. Zile sentensi za "tangu enzi na enzi binadamu amekuwa akisumbuliwa na magonjwa" zifute bila huruma, zinafaa kwenye insha yoyote ile kwahiyo hazina kazi kwenye yako. Hitimisho nalo lisiwe utangulizi uliogeuzwa maneno. Pale ndo unajibu "kwa kiasi gani" kwa mara ya mwisho, baada ya msomaji kuona ushahidi wote, na unaweza kusema jibu lako lina maana gani kwa jambo lingine. Ushahidi mpya usiingize hapo, ukiukumbuka dakika za mwisho rudi nao juu.

Kuhusu "mimi", inategemea unaandika aina gani. Insha ya tafakuri bila "mimi" haiwezekani, masimulizi pia mara nyingi yanaitaka. Kwenye insha ya hoja kuna idara zinakubali "natetea kwamba" na kuna zinazotaka "insha hii inatetea kwamba", soma mwongozo wa kozi yako au uliza, usikisie. Kinachokatiwa maksi mara nyingi sio hilo neno, ni pale mtu anapoandika "mimi naona" akaishia hapo kana kwamba kuona kwake ni ushahidi.

Haya, ya wiki ijayo. Kulinganisha kuna njia mbili kubwa. Unaweza ukaandika ndui yote kwanza kisha polio yote, au ukachukua kigezo kimoja ukaiweka ndui na polio humohumo kwenye aya moja, kisha kigezo kingine. Nakushauri hii ya pili kwasababu wewe tayari una tabia ya kueleza, ukienda na ile ya kwanza utaandika ripoti mbili zilizopakana na ulinganisho utabaki kwenye hitimisho tu.

Vigezo viko vingi ila vichague vile vinavyoleta tofauti ya maana. Anza na kuonekana kwa ugonjwa. Mgonjwa wa ndui unamjua kwa upele, lakini polio walio wengi wanaoambukizwa hawaonyeshi dalili kabisa, ni maambukizi kama 1 kati ya 200 yanayoleta kupooza kusikotibika. Hebu fikiria, ile njia ya kumtafuta mgonjwa na kuchanja waliomzunguka inafanyaje kazi kama mgonjwa hajulikani? Aya hiyo peke yake inaweza kubeba insha yako. Kigezo kingine ni chanjo: ya ndui dozi moja ilitosha kumkinga mtu kwa miaka na iliacha kovu ambalo mhudumu angeliona, polio inahitaji dozi kadhaa na haiachi alama yoyote, na ile ya matone, mara chache sana, virusi vyake vilivyodhoofishwa vinaweza kubadilika na kusambaa kwenye jamii ambazo wengi hawajachanjwa. Ufanano nao uwepo, usiandike tofauti tupu. Virusi vyote viwili havina mnyama wa kujificha, na hiyo ndo sababu watu waliamini polio nayo inaweza kuisha, wakaanza kampeni ya dunia nzima 1988. Na mafanikio yapo, aina mbili kati ya tatu za virusi vya polio vya asili zimeshathibitishwa kuisha, ya pili 2015 na ya tatu 2019.

Sasa usiishie kupanga vinavyofanana na visivyofanana. Kulinganisha nako kunataka dai. Ukishaweka vigezo vyako pembeni jiulize tofauti ipi ndo inaeleza kwanini moja iliisha na nyingine inasumbua mpaka leo, na jibu hilo liandike sentensi moja kamili. Mimi nina langu ila sikupi, utafute lako.

Ukimaliza rasimu fanya hivi kabla ya kukusanya: pembeni ya kila aya andika kwa maneno yako mwenyewe aya hii inadai nini, sentensi moja. Pale utakapojikuta unaandika "inaongelea historia ya chanjo" ujue hiyo aya inaeleza tu, haidai. Kisha soma hizo sentensi za pembeni peke yake kuanzia juu mpaka chini uone kama zinajenga jambo moja au zinarukaruka, na kama mbili zinasema kitu kilekile ziunganishe. Hii inachukua muda mfupi na itakuonyesha mambo ambayo ukisoma insha nzima huyaoni kwasababu macho yameshazoea maneno yako.

Na usisubiri peni nyekundu. Lekchara wengi wana saa za kuonana na wanafunzi, nenda na karatasi moja tu yenye swali juu, dai lako chini yake, na vigezo vyako vitatu au vinne, umuulize kitu kimoja: hili dai linajibu swali? Atakujibu kwa dakika chache, na ukitoka hapo unakaa kuandika.